Mchochota na Moyo Ulioshindwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa wa moyo na ndugu zao wa mikoa ya Lindi na Mtwara huyauliza wakiwa kwenye benchi la kliniki. Mara nyingi zaidi huyauliza dirishani kwa muuza dawa, ambako jibu hutolewa haraka na dawa hutoka haraka zaidi. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mgonjwa, bali yanakusudiwa kumsaidia mgonjwa ajue la kumuuliza huyo daktari, na hasa ajue dawa ambayo hapaswi kuinunua.

Mchochota ni nini, na unatofautianaje na uvimbe wa miguu yangu?

Mchochota ni namna mwili unavyojibu jeraha, vijidudu au kitu chochote kinachousumbua. Damu huongezeka mahali palipoumia, chembe za kinga hukusanyika, na mahali hapo huwa na joto, wekundu, maumivu na kuvimba. Jipu lina mchochota, na vivyo hivyo koo linalouma kwa kumeza au kifundo cha mguu kilichoshikwa na jongo.

Taabu inaanzia kwenye lugha, kwa kuwa neno uvimbe tumelibebesha mizigo miwili. Miguu ya mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, yaani yule anayeambiwa kwamba moyo umetanuka, huvimba kwa sababu imejaa maji. Ukibonyeza kidole juu ya muundi, kishimo hubaki; ngozi haina joto, maumivu hayapo au ni kidogo, miguu yote miwili huhusika, na hali huzidi jioni. Huo si mchochota. Ni maji na chumvi ambavyo figo zimevizuia kutoka kwa kuwa zinapata damu pungufu. Mtu anayekwenda dukani na kuomba “dawa ya uvimbe” akiwa na miguu ya namna hiyo atapewa dawa ya kuzima mchochota, na dawa hiyo, kama itakavyoelezwa hapa chini, huongeza maji yale yale aliyotaka kuyaondoa.

Ikiwa ni mguu mmoja tu uliovimba, una joto na unauma, hilo ni jambo jingine kabisa: huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa au maambukizi ya ngozi, na mgonjwa anapaswa kuonwa siku hiyo hiyo.

Je, ni kweli kwamba moyo ulioshindwa nao una mchochota?

Ni kweli, ila mchochota wake hauonekani kwa macho wala haupapasiki. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wenye moyo ulioshindwa vibaya, hasa waliokuwa wamekonda, walikuwa na kiwango kikubwa cha kemikali ya kinga iitwayo TNF katika damu yao. Tangu hapo zimetambuliwa nyingine za jamii hiyo, ambazo kwa pamoja huitwa saitokaini. Misuli ya moyo inapovutwa kupita kiasi kwa shinikizo la damu la miaka mingi, hutoa ishara za dharura kana kwamba imejeruhiwa. Chembe za kinga huitikia. Na kadiri hali hiyo inavyodumu, nyuzi ngumu za kovu huzidi kujengeka mahali ambapo palipaswa kuwa na msuli laini. Utumbo nao hujaa maji, ukuta wake ukalegea, na inadhaniwa kwamba sumu za bakteria wa tumboni hupenya kuingia katika damu na kuuchochea mwili zaidi.

Kama mchochota upo, kwa nini nisipewe dawa ya kuuzima?

Hili ndilo swali la busara kuliko yote, na watafiti walijiuliza hivyo hivyo. Majibu waliyoyapata yaliwashangaza.

Dawa za kwanza kujaribiwa kwa matumaini makubwa zilikuwa za kuzuia TNF, ambazo kwa wagonjwa wa mchochota wa viungo zilikuwa zimefanya kazi nzuri sana. Majaribio ya etanersepti yalisimamishwa mwaka 2001 baada ya kuonekana kwamba hayana faida. Jaribio la infliksimabu, lililokuwa na wagonjwa 150 na kuchapishwa mwaka 2003, lilikuwa na matokeo mabaya zaidi, kwa maana wale waliopewa kipimo kikubwa walikufa au kulazwa kwa ajili ya moyo mara nyingi zaidi kuliko wale waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia isiyo na kiambato cha tiba. Kwa sababu hiyo, hata leo mgonjwa wa mchochota wa viungo mwenye moyo ulioshindwa hupewa dawa za kundi hilo kwa tahadhari kubwa, au hapewi kabisa.

Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya jaribio la rosuvastatini, dawa ya lehemu ambayo pia hupunguza mchochota, kwa wagonjwa 5,011 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kipimo cha mchochota kilishuka kama ilivyotarajiwa, lakini vifo na matukio makubwa ya moyo na mishipa havikupungua kwa kiasi cha kuthibitisha faida. Kwa maoni yangu, hilo ndilo funzo kubwa kuliko yote katika habari hii: kushusha namba ya maabara si lazima kumpe mgonjwa nafuu.

Matumaini yalirudi mwaka 2017 kwa dawa ya sindano iitwayo kanakinumabu, iliyojaribiwa kwa watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao damu yao ilionyesha mchochota. Kipimo cha miligramu 150 kilipunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa asilimia 15, na uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliolazwa kwa moyo kushindwa nao walipungua. Hata hivyo, vifo vya maambukizi viliongezeka, na bei yake huko Marekani ilikuwa karibu dola 200,000 kwa mwaka. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikataa kuiidhinisha kwa ajili ya moyo. Metotreksati, ambayo ni ya bei nafuu, ilijaribiwa kwa watu wa aina hiyo hiyo na haikusaidia.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa huku kwetu anapaswa kuliweka akilini. Dawa kama kanakinumabu ilijaribiwa kwa watu ambao mishipa ya moyo wao iliwahi kuziba. Katika utafiti uliofanywa Muhimbili kwa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa na kuchapishwa mwaka 2014, asilimia 45 walikuwa wameumizwa na shinikizo la damu, asilimia 28 walikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo, asilimia 12 walikuwa na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na asilimia 9 tu ndio waliokuwa na tatizo la mishipa ya moyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Mgonjwa wa Nachingwea mwenye miaka 50 na presha isiyotibiwa si yule aliyehesabiwa katika majaribio hayo.

Ninaumwa magoti na mgongo. Je, ninaweza kutumia diklofenaki au ibuprofeni?

Hapana. Ikiwa msomaji ataondoka hapa na jibu moja tu, na liwe hili.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu na ndugu zao hufanya kazi kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini. Katika goti lililovimba, kemikali hizo huleta maumivu, na kuzizuia ni faraja. Katika figo za mgonjwa wa moyo, kemikali hizo hizo ndizo zinazoiacha mishipa wazi ili damu kidogo inayofika iweze kuchujwa. Zikizuiwa, figo hushika chumvi na maji, dawa ya kukojoa hupoteza nguvu, presha hupanda, na ndani ya siku chache mgonjwa aliyekuwa anatembea hadi sokoni huanza kulala ameketi. Hatari huzidi kwa mgonjwa anayetumia pia furosemaidi, ambayo ndiyo dawa ya kukojoa, pamoja na dawa ya presha kama enalaprili, lisinoprili au losartani, kwa kuwa mchanganyiko wa hizo tatu, ya maumivu, ya kukojoa na ya presha, unaweza kuziangusha figo kabisa.

Sindano ina madhara yale yale na vidonge. Ninalisema hili kwa sababu wapo wazee wetu wanaoamini kwamba sindano “haipiti tumboni” na kwa hiyo ni salama, ilhali dawa ikishaingia katika damu hufika kwenye figo bila kujali mlango ilioingilia. Jeli ya kupaka huingia katika damu kwa kiasi kidogo sana, na daktari anaweza kuiruhusu kwa goti moja kwa siku chache.

Dawa ya kuanzia ni parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi, lakini si vile vidonge vinavyoyeyushwa katika maji na kutoa mapovu, kwa kuwa vina sodiamu nyingi. Dukani, kabla ya kutaja maumivu, mgonjwa atamke kwanza: “Mimi nina tatizo la moyo.” Aombe pia asomewe kilichomo ndani ya boksi, kwa sababu zipo dawa za maumivu zenye jina moja la biashara ambazo ndani yake zimechanganywa dawa mbili au tatu.

Nimekwisha kutumia diklofenaki kwa wiki nzima. Nifanye nini?

Acha leo, pima uzito, na nenda kliniki ukapimwe presha na figo. Usijiongezee dawa ya kukojoa mwenyewe.

Vipi kuhusu prednisoloni na deksametasoni?

Hizi ni dawa kali za kuzima mchochota, na nazo huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha na sukari, na hudhoofisha kinga. Wapo watu wanaozinunua kiholela ili wanenepe au wapate hamu ya kula. Mgonjwa wa moyo anayefanya hivyo huona uso umejaa na kudhani amepona, kumbe baadhi ya unene huo ni maji.

Hata hivyo, zipo nyakati ambapo daktari huziandika kwa sababu nzito, kama vile pumu iliyobana au aina chache za mchochota wa msuli wa moyo. Kwa mchochota wa kawaida wa msuli huo, ambao mara nyingi hufuata maambukizi ya virusi, jaribio lililochapishwa mwaka 1995 kwa wagonjwa 111 halikuonyesha faida ya kuwapa wote dawa za kupunguza kinga. Mtu aliyekuwa akitumia prednisoloni kwa wiki nyingi asiiache ghafla, kwa kuwa mwili huwa umeacha kujitengenezea homoni yake. Ipunguzwe kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Dole gumba la mguu wa baba limevimba, ni jekundu na linamnyima usingizi. Ameambiwa ni jongo. Atumie nini?

Jongo ni mgeni wa kawaida kwa wagonjwa hawa, kwani furosemaidi huzuia asidi ya yuriki kutoka katika mkojo, na fuwele zake hujikusanya katika viungo. Huu sasa ni mchochota hasa, tofauti na miguu yake iliyojaa maji, na ndipo kosa la kukimbilia diklofenaki hufanyika.

Mwambieni mzee asiiguse. Daktari anaweza kumwandikia kolkisini kwa kipimo kidogo, baada ya kupima figo zake, kwa kuwa figo dhaifu huiacha irundikane, na dawa hiyo ikizidi ni sumu. Kuharisha ni dalili ya mapema kwamba kipimo kimezidi. Baadhi ya antibayotiki, klarithromisini ikiwemo, huongeza hatari hiyo. Baadaye, maumivu yakitulia, huzungumzwa habari ya alopurinoli ya kushusha asidi yenyewe.

Kolkisini, dawa ya kale itokanayo na mmea, ndiyo inayozungumzwa sana siku hizi katika tiba ya moyo. Majaribio ya mwaka 2019 na 2020, yenye wagonjwa 4,745 na 5,522, yalionyesha kwamba miligramu 0.5 kwa siku ilipunguza mashambulio kwa watu wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2024 halikuona faida hiyo. Kwa moyo ulioshindwa wenyewe, jaribio la wagonjwa 279 lililochapishwa mwaka 2014 lilishusha vipimo vya mchochota lakini halikuwapa wagonjwa nguvu zaidi. Namba ilishuka, mgonjwa akabaki pale pale.

Basi ni dawa gani zinazosaidia?

Ni zile zile zilizomo katika mfuko wako wa kliniki. Enalaprili, lisinoprili au losartani, pamoja na bisoprololi au kavediloli, huuondolea moyo mzigo unaouchochea kila siku. Spironolaktoni huzuia homoni ya aldosteroni, ambayo ni miongoni mwa vichocheo vya kovu katika moyo; jaribio la mwaka 1999 kwa wagonjwa 1,663 wenye moyo dhaifu sana lilionyesha kwamba ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Kidonge hicho cha zamani kimefanya kazi kubwa kuliko sindano zote za gharama zilizotajwa hapo juu, na bado naona wagonjwa wanaokiacha kwa kuwa “ni kidogo na hakina nguvu”. Dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, ilipunguza vifo vya moyo na kuzidiwa kwa asilimia 26 katika jaribio la mwaka 2019 lenye wagonjwa 4,744, wakiwemo wasio na kisukari. Bei yake ndiyo inayowashinda wengi.

Tahadhari moja ya pwani: spironolaktoni pamoja na enalaprili huongeza potasiamu katika damu, na maji ya madafu yamejaa potasiamu. Dafu moja la siku moja moja kwa mtu mwenye figo nzima si janga. Madafu mawili matatu kila siku kwa mtu mwenye figo dhaifu yanaweza kuuvuruga mdundo wa moyo.

Binti yetu wa miaka 14 ana valvu zilizoharibika. Kwa nini anachomwa sindano kila mwezi na hali hana homa?

Kwa sababu kwake yeye mchochota una chanzo kinachofahamika na kinachozuilika. Koo lililoambukizwa bakteria aina ya streptokoka huufanya mwili utengeneze kinga ambayo kwa makosa hushambulia valvu za moyo, na kila koo jipya laweza kuleta shambulio jipya. Penisilini ya benzathini, inayotolewa kila baada ya wiki 3 au 4, haiponyi valvu iliyokwisha kuharibika, bali huzuia shambulio linalofuata. Katika utafiti uliofanyika Uganda kwa watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo, ugonjwa uliendelea baada ya miaka 2 kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Ikiwa valvu zake zimeharibika sana na anahema kwa shida, muulizeni daktari kama vidonge vinamfaa kuliko sindano, kwa kuwa wagonjwa dhaifu kiasi hicho wanaweza kuzirai wakati wa kuchomwa.

Na maji yaliyozunguka moyo kwa sababu ya kifua kikuu?

Tiba ni dawa za kifua kikuu, bila kukatiza. Prednisoloni ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za Afrika, matokeo yakatoka mwaka 2014. Haikupunguza vifo, ingawa ilipunguza kukakamaa kwa ngozi ya moyo na kulazwa tena, na kwa wenye virusi vya UKIMWI iliongeza saratani. Ndiyo maana daktari mmoja huitoa na mwingine akajizuia, na wote wakawa na hoja.

Nipimwe CRP, kile kipimo cha damu, ili nijue kiwango cha mchochota?

Kipimo hicho huonyesha kwamba kuna moto, bila kusema ni nyumba ipi inayoungua. Malaria, nimonia, jino lililooza na jeraha la panga vyote hukipandisha. Kina manufaa pale daktari anapotafuta maambukizi yaliyojificha, na hilo ni jambo la maana kwetu, kwa kuwa nimonia au malaria ni sababu ya kawaida ya mgonjwa aliyetulia kuzidiwa ghafla. Kama fedha inatosha kwa kipimo kimoja tu, afadhali iende kwenye figo na potasiamu, au kwenye picha ya moyo ambayo wengi huiita eko.

Manjano, tangawizi, mlonge na habasoda husaidia?

Katika mchuzi, vyote ni vyakula vizuri. Kama dawa ya moyo ulioshindwa, havina uthibitisho, na unga wa manjano au kitunguu saumu kwa wingi unaweza kuzidisha hatari ya kutokwa na damu kwa mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anayetumia kitu kama hicho amwambie daktari bila kuona haya.

Chakula kinahusikaje na mchochota?

Kwa njia ya chumvi. Chumvi huleta maji, maji huvimbisha utumbo, na utumbo uliovimba unadhaniwa kuuchochea mwili. Ng'onda, papa wa chumvi na korosho zilizokaangwa kwa chumvi ndivyo vinavyowarudisha wagonjwa wengi hospitalini. Samaki mbichi wa kuchemsha kwa ndimu na nazi kidogo, kisamvu, mbaazi na korosho zisizotiwa chumvi havina ugomvi na moyo. Uraka na gongo, kwa upande mwingine, huudhoofisha msuli wa moyo moja kwa moja.

Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho mimi hubanwa na kifua. Ni moyo au ni vumbi?

Huenda ni vyote viwili. Vumbi la salfa huwasha macho, koo na njia za hewa, na kukohoa kwake hufanana na kukohoa kwa mapafu yaliyojaa maji. Mgonjwa wa moyo asipulize mwenyewe wala asisimame upande upepo unakoelekea. Akibanwa akiwa amelala chali na kupata nafuu anapoketi, au uzito ukiwa umepanda, lawama ni ya moyo zaidi kuliko ya salfa.

Dawa zimekwisha na mnada wa korosho bado. Naweza kusubiri?

Usisubiri. Moyo ulioachiwa dawa kwa wiki chache unaweza kurudi pale ulipoanzia, na kulazwa ni gharama kubwa kuliko dawa za miezi kadhaa. Mweleze daktari hali yako ya fedha waziwazi, akupangie zile zisizoachika kwanza. Spironolaktoni, enalaprili na furosemaidi si dawa za bei kubwa.

Ni lini niende hospitali bila kungoja siku ya kliniki?

Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, ukishindwa kulala bila kuinua mito, ukiwa na homa, mkojo ukipungua ghafla, ukizirai. Pima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chai, kwa mizani ile ile, na uandike. Hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao, ziko karibu kuliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Anayehema kwa shida aanzie hapo, atulizwe kwanza, ndipo apewe rufaa ikihitajika. Abebe dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, zikiwemo zile za maumivu alizonunua dukani.